Misiba ya Bibi Rozalia

Pale Katonga hakuna mtu aliyefiwa kama Bibi Rozalia. Amepoteza wajomba, mashangazi, binamu, mawifi, na shemeji mmoja aliyekufa mara mbili kwa sababu ya kusahau. Na kitu cha ajabu, ndugu zake wote hufa wakati wa giza.

Giza la Katonga si usiku. Ni zile wiki za mwezi kutoonekana, mitumbwi inapoingia ziwani na taa zake jioni na kurudi alfajiri imejaa dagaa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawazijali taa, wavuvi wanashona nyavu na kubishana mpira, na ufukwe unapumua. Kwa hiyo sisi tuna kalenda yetu. Siku za mwezi watoto wanasoma, siku za giza watoto wanageuza dagaa. Wizara haikushirikishwa, na yenyewe haikuuliza.

Rozalia alikuwa mwanikaji wa dagaa tangu aliposhuka kutoka milima ya Buhigwe akiwa mke mchanga wa mvuvi aliyeitwa Meshack. Meshack alikufa kweli, mara moja tu, na siku hiyo Rozalia hakuwa na maneno mengi. Binti yao Winfrida alikwenda Uvinza kutafuta maisha kwenye chumvi, akamwachia mama yake mtoto wa kike aitwaye Dainess. Huyo Dainess sasa alikuwa na miaka kumi na moja, darasa la nne, miguu mirefu, sauti ya kufukuza kunguru ikasikika mpaka Bangwe.

Na kunguru ndio wenye mji pale. Ukimwaga dagaa wabichi juu ya mchanga au kwenye chanja ya miti, una saa tatu za vita. Mmoja anageuza wasiungane wala kuoza, mwingine anakimbia huku na huko na fimbo. Rozalia alikuwa na mikono bado, lakini magoti yalishastaafu bila kumuaga. Bila Dainess, kunguru walikuwa wanakula kwanza na yeye anauza mabaki.

Lakini usidhani alikuwa hapendi shule. Hapo ndipo watu walipomkosea. Yeye mwenyewe alitolewa darasa la pili akalee wadogo zake, na mpaka leo akipita mbele ya ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa hugeuza uso, kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai. Alitaka Dainess amalize. Alitaka afanye ule mtihani wa darasa la nne, aende la tano, afike mahali ambapo mtu akipewa karatasi anaisoma mwenyewe. Ila alitaka pia na dagaa wakauke. Akaona hakuna ugomvi kati ya mambo haya mawili, kwa kuwa kila giza angeua ndugu mmoja, Dainess angepewa ruhusa ya msiba, na mwezi ukitoka angerudi darasani na uso wa huzuni.

Uthibitisho alikuwa nao. Mara tatu mwaka ule shule ilileta barua, na mara tatu Dainess alimsomea, amesimama wima mlangoni, sauti inatiririka: "Kwa mlezi wa mwanafunzi Dainess. Tunakusalimu. Mtoto wako anaendelea vizuri, ana adabu, anasoma kwa bidii. Ahsante kwa malezi mema." Rozalia alikuwa anaziweka barua hizo chini ya godoro, na akigombana na jirani yake Mapendo, alikuwa anazitaja.

Mwalimu wa zamani aliijua kalenda yetu na alishachoka kupigana nayo. Alikuwa anaandika "msiba" kwenye daftari la mahudhurio bila kuinua kichwa. Lakini mwaka huo akahamishwa, akaletwa kijana aitwaye Mwalimu Elikana, kutoka Kasulu, mtu wa milimani asiyejua mwezi unahusiana vipi na kitu chochote zaidi ya kuangaza. Wiki ya kwanza akatangaza kwamba majina ya watakaofanya mtihani yanafungwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na mtoro asiye na sababu ya kweli jina lake halitakuwemo. Tangazo likafika ufukweni mchana uleule. Rozalia akasema, "Sababu za kweli tunazo," akaendelea kugeuza dagaa.

Giza likaingia. Jumatatu asubuhi ndoo zikashushwa, maji yakichuruzika, Rozalia akamwita mjukuu wake.

"Kimbia shuleni, mwambie mwalimu tumefiwa. Kisha urudi mbio."

"Amekufa nani, bibi?"

"Shangazi yako wa Ujiji."

"Alikufa mwezi uliopita."

"Mjomba wa Mwandiga basi."

"Huyo alikufa kipindi cha Pasaka. Tukasema na arobaini yake."

Rozalia akatazama angani. Kunguru walikuwa wameshaanza kuitana. Alipekua ukoo wake kichwani kama mtu anayepekua gunia tupu, na kila aliyemgusa alikuwa ameshazikwa.

"Sema bibi."

"Bibi yupi?"

"Bibi yeyote, mtoto we. Nenda."

Dainess akaenda. Na kwa kuwa alikuwa mtoto mtiifu, alisema alichoambiwa, kwamba bibi amefariki.

Sasa, Mwalimu Elikana alikuwa ameshasoma taarifa za wanafunzi wake wote. Alijua Dainess hana mwingine, analelewa na bibi mmoja tu. Akakaa kwenye kiti, akamshika mtoto begani, machozi yakamlengalenga. Akamwambia nenda nyumbani mwanangu, usirudi mpaka msiba uishe. Dainess alirudi ufukweni akiruka kwa furaha, maana ruhusa ndefu namna ile haikuwahi kutolewa Katonga.

Lakini huko Kasulu alikokulia mwalimu, mwanafunzi akifiwa na mlezi, darasa haliketi kusoma. Jumanne watoto walichanga unga wa mhogo kutoka majumbani. Wakakusanya kuni. Wasichana wakaambiwa waje na kanga. Jumatano saa nne asubuhi, darasa la nne lote, yaani lile lililobaki wakati wa giza, likateremka kwenda Katonga kwa mistari miwili, mwalimu mbele, wanaimba wimbo wa maombolezo kwa sauti ya chini iliyotulia.

Rozalia alikuwa katikati ya kugeuza. Akasikia wimbo, akainua kichwa, akaona kuni, kanga, mwendo wa pole. Hapa kwetu msiba haupiti mbele yako ukabaki umeinama. Hata kama humjui marehemu, unafunika kichwa, unaacha unachofanya, unasindikiza walau hatua kumi. Rozalia, pamoja na uongo wake wote, alikuwa mtu wa utu. Dainess alikuwa ameenda kuchota maji. Akawatazama dagaa wake, akawatazama kunguru, akasema moyoni Mungu atawalinda, akajitanda kanga na kuingia kwenye mstari.

Alitembea nao akiwa ameinamisha kichwa. Baada ya kitambo akamgusa msichana mdogo aliyekuwa pembeni yake, Recho, mtoto wa kule juu Bangwe ambaye hakuwa anamfahamu.

"Pole, mjukuu wangu. Ni nani aliyetutoka?"

"Bibi yake Dainess," Recho akasema, kamasi zikimtoka. "Alikuwa anaanika dagaa."

"Maskini," akasema Rozalia. "Mungu amrehemu." Na akaenda hatua tatu nyingine kabla miguu haijasimama yenyewe.

Angekuwa mtu mwingine angekimbia. Lakini mistari miwili ya watoto ilikuwa inamsukuma, na nyumba yake ilikuwa pale pale mbele, na mwalimu alikuwa ameshageuka kumtazama kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama. Nyumbani kwa marehemu ndio hapa?"

"Marahaba. Ndio hapa."

"Pole sana. Wewe ni nani wake?"

Rozalia alifungua mdomo, na mdomo ukafanya kazi uliyoizoea.

"Mimi ni dada yake," akasema.

Nyuma kidogo kwenye mstari alikuwepo Yassir, mtoto wa Mwinshehe mnunuzi wa dagaa. Huyo Mwinshehe hajawahi kumkosesha mwanawe shule hata siku moja. Dagaa anaojaza kwenye magunia yake hugeuzwa na watoto wa wenzake. Yassir alimtambua Rozalia tangu alipoingia kwenye mstari, lakini akafunga mdomo. Mtoto mwenye akili haharibu sinema.

Wakaketi uani. Mwalimu akauliza mazishi ni lini, Rozalia akasema ameshazikwa, kwao, Buhigwe, na gari lilikuwa dogo ndiyo maana majirani hawakwenda. Yote haya aliyasema kwa sauti iliyokwama vizuri kooni. Kama mambo yangeishia hapo, angeshukuru, angepokea unga, na jina la Dainess lingebaki kwenye orodha likiwa limefunikwa na huruma ya shule nzima. Kwa dakika moja au mbili aliamini kwamba ameshinda.

Ndipo Mapendo akatoka nyumbani kwake. Mapendo, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kalemie miaka hiyo, alikuwa jirani wa ukuta mmoja, na maneno ya Buhigwe alikuwa ameyasikia. Akaona watoto, kuni, unga, mwalimu na kitambaa chake cha kufutia macho, halafu akamwona Rozalia amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Akaelewa jambo zima kabla hajaambiwa salamu. Akaweka mikono kichwani.

"Rozalia weee," akalia. "Rozalia umetuacha na nani?"

Watoto wakaanza kulia upya.

"Nyamaza, jirani," Rozalia akasema, meno ameyabana. "Tumeshalia."

"Miye bado." Mapendo akaketi chini, miguu ameinyoosha, akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, huyu marehemu alikuwa mtu muzuri. Ila kuombwa chumvi alikuwa hapendi. Unaombaka chumvi, anasema imeisha, na wewe unaiona pale kwenye kopo."

"Marehemu hakuwa mchoyo," Rozalia akasema.

"Weye ulikuwa unakaa naye? Si unasema umetoka Buhigwe? Miye ndiye nilikuwa jirani yake. Na sufuria yangu alikufa nayo."

"Sufuria alikurudishia."

"Ya mfuniko. Miye nasema ile ingine."

Mwalimu Elikana akasema kwa upole kwamba tusiseme mabaya ya waliotangulia. Mapendo akakubali, akafuta macho, akaongeza kwamba pia marehemu alikuwa anakoroma. Yassir akawa ameuma kola ya shati lake.

Sijui wangefika wapi. Kwa bahati, au kwa mkosi, mlango wa ua ukasukumwa na Dainess akaingia na ndoo ya maji kichwani, anahema.

"Bibi! Bibi, uko wapi wewe, kunguru wamemaliza dagaa wako wote! Chanja imebaki nyeupe!"

Kisha akawaona wenzake wa darasani.

Ukimya ulioingia ulikuwa wa msiba hasa. Mwalimu akamtazama mtoto, akamtazama mwanamke aliyeitwa bibi. Recho, ambaye machozi yalikuwa bado hayajakauka, alikuwa wa kwanza kuuliza kama dada wa marehemu naye anaanika dagaa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ya Rozalia ilikuwa fupi kupita kiasi, kutoka ufukweni mpaka uani kwake mwenyewe.

"Basi, mwalimu," akasema, akishusha kanga. "Ni mimi. Nimefufuka."

Watoto walicheka mpaka kuni zikaanguka. Mapendo alicheka akiwa amelala chali. Hata mwalimu mdomo ulimcheza, lakini akaubana, na alipoacha kuubana uso wake haukuwa wa kucheka tena.

"Mama, tumekuandikia barua mara tatu," akasema. "Ya kwanza aliandika mwenzangu aliyehama, mbili za hivi karibuni ni zangu mimi. Hujafika shuleni hata mara moja."

"Nije kufanya nini? Barua zenu nimezipata, nimezifurahia. Mnasema anaendelea vizuri."

"Nani kakusomea?"

"Mwenyewe huyo. Anasoma kama mtangazaji wa redio."

Mwalimu akamgeukia Dainess. Akatia mkono mfukoni, akatoa bahasha. Ilikuwa barua ya nne, aliyoiandika wikiendi na kuiacha mfukoni aliposikia msiba. Akampa Dainess.

"Msomee bibi yako, kama unavyomsomeaga."

Dainess akaweka ndoo chini. Akasimama wima, akaishika karatasi kwa mikono miwili, na sauti yake ikatoka safi, bila kusita popote. "Kwa mlezi wa mwanafunzi Dainess. Tunakusalimu. Mtoto wako anaendelea vizuri, ana adabu, anasoma kwa bidii. Ahsante kwa malezi mema."

"Si umesikia?" Rozalia akasema.

Mwalimu akaichukua karatasi polepole, akampa Yassir. Yassir alisoma kama watoto wanavyosoma, kidole kwenye mstari, anakwama, anarudi. Barua ilisema kwamba Dainess yuko darasa la nne lakini hajui kusoma. Anajua herufi, na maneno mafupi machache, basi. Kila darasa linapofika mahali fulani yeye hayupo, na akirudi limeshapita. Ilisema mlezi afike, kwa sababu Ijumaa jina litaondolewa kwenye orodha ya mtihani, na akiendelea hivi litafutwa hata kwenye daftari la shule.

Hakuna aliyecheka. Rozalia alikuwa anamtazama Dainess, na Dainess anaitazama ndoo.

Ni kitu kigumu kwa mwongo mzoefu kudanganywa. Rozalia alijiona mjinga, kisha akaona aibu mbele ya watoto wa watu, kisha vyote hivyo vikaisha akabaki na uchungu mtupu, ule wa darasa la pili, wa siku aliyovuliwa sare akavishwa mtoto mgongoni. Alidhani ameuacha milimani. Kumbe alikuwa ameubeba, na kila giza alikuwa anampa mjukuu wake kidogo kidogo. Alilia pale pale uani, safari hii bila kubana sauti, na Mapendo akaacha mzaha akaja kumshika mkono.

"Kwa nini, mwanangu?" akauliza. "Kwa nini hukuniambia?"

Dainess akainua bega moja.

"Ulikuwa unafurahi, bibi," akasema.

Mwalimu Elikana hakuwa mtu wa kusamehe orodha. Dainess hakufanya mtihani mwaka ule. Wenzake wakaenda la tano, yeye akarudia la nne, na kila mchana baada ya kengele akawa anakaa na watoto wa darasa la kwanza kuanza upya, magoti yake yakigonga dawati. Lakini jina halikufutwa kwenye daftari la shule, maana Alhamisi asubuhi Rozalia alifika shuleni kabla ya mwalimu, dagaa wakiwa ufukweni na kunguru wakijihudumia. Hakuenda na maneno mengi. Alimsukuma Dainess mbele, akasema, "Nimekuleta. Na giza lijalo nitakuleta."

Na akamleta. Giza lile alipata nusu ya dagaa, lililofuata akapata zaidi kidogo, baada ya kushona nyavu kuukuu za marehemu Meshack na kuzitandaza juu ya chanja mbili. Kunguru walikaa pembeni wakizitukana. Mapendo alizitazama nyavu hizo siku nne, siku ya tano mwanaye wa mwisho akaonekana amevaa sare wakati wa giza, na juu ya chanja ya Mapendo kulikuwa na wavu. Sisemi Katonga nzima iliongoka. Tuna wengine mpaka leo wana wajomba wengi.

Rozalia jina lake likapotea kabisa. Tangu siku ile anaitwa Marehemu. Vijana wa mitumbwi wakishusha ndoo wanasema, "Shikamoo, Marehemu," naye anajibu, "Marahaba, mtanikuta huko." Mwinshehe alipojaribu kumpunja akamwambia kwamba mtu aliyekwisha kufa hatishwi na bei.

Mwaka uliofuata, mwezi ukiwa mkubwa na ufukwe umetulia, shule ikaleta barua nyingine. Dainess alisimama mlangoni kama zamani. Rozalia akaketi kwenye kigoda, akafunga macho, kwa sababu alikuwa anaijua ile sauti ya redio na alikuwa anaiogopa kuliko mvua ya ghafla.

"Kwa... mle-zi," Dainess akaanza. Akasimama. Akaweka kidole kwenye karatasi. "Kwa mlezi wa mwa-na-fu-nzi Dai-ness. Mto-to wako a-na..." Akarudia. "Anao-ngea sana da-ra-sani. A-na-wa..." Hapo alikwama muda mrefu, jasho likamtoka puani. "Anawachekesha we-nza-ke wakati wa so-mo. Ju-ma-ta-tu a-li-mda-nga-nya mwa-li-mu kwamba..." Akamtazama bibi yake.

"Endelea," Rozalia akasema, macho bado amefunga.

"...kwamba bibi ya-ke ni mgo-njwa."

Rozalia alifumbua macho. Akaipokea ile barua, akaigeuza huku na huku, akamwita Yassir aliyekuwa anapita na mpira, akamwambia asome. Yassir akasoma. Maneno yalikuwa yale yale, lawama kwa lawama, hakuna hata moja lililopungua.

Alimchapa Dainess kofi moja jepesi la mgongoni, la uongo wa Jumatatu. Halafu akaingia ndani, akazitoa zile barua tatu nzuri chini ya godoro akawashia moto, na mahali pake akaiweka hii.